Kidonda cha miaka mitatu cha mama wa Feri, na mguu tuliokuwa tunauangalia umelala

Hiki kisa nimekaa nacho muda, nikawa naona aibu kukiandika maana makosa mengine humu ndani ni ya kwangu mwenyewe kabisa. Mi ni nesi wa chumba cha vidonda kwenye kituo kimoja hapa Dar, kazi yangu kutwa ni kufungua bandeji, kusafisha, kufunga, anayefuata. Mgonjwa mwenyewe nitamwita tu mama wa Feri, ana miaka 49, watoto wanne, mkaanga samaki pale soko la Feri tangu ujana wake, anaishi ng'ambo Kigamboni. Amekubali niandike ila akasema "usitaje jina langu sista, wateja watasema samaki wana kidonda", tukacheka.

Ratiba yake muielewe kwanza maana nusu ya ugonjwa imo humo. Saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye pantoni, amesimama. Akishuka ananunua mnadani, amesimama. Anaparua na kuosha, amesimama, halafu karai la mafuta linawekwa motoni na hapo anasimama mpaka saa tisa alasiri, sakafu ya simenti, ndala mguuni, moto unampiga miguuni. Kurudi tena pantoni, na ile jioni nani anapata pa kukaa. Miaka zaidi ya ishirini hivyo.

Kidonda kilianza na muwasho. Mguu wa kushoto, upande wa ndani, vidole vinne hivi juu ya kifundo. Akawa anakuna usiku, ngozi ikachubuka, kakatokea kakidonda ka ukubwa wa kifungo cha shati ambako yeye alijua ni mwiba wa samaki tu. Akakaosha na maji ya bahari kama wanavyofanya wote pale. Hakakupona. Akaenda duka la dawa akapewa vidonge vya rangi mbili, vingine akameza na vingine akavifungua akanyunyizia ule unga juu ya kidonda, na hii tabia ya kunyunyizia unga wa kapsuli jamani naiona kila wiki, haisaidii chochote zaidi ya kutengeneza gaga gumu ambalo mimi nakuja kulibandua na mgonjwa analia.

Baada ya hapo ni safari ndefu. Jivii, kidonda kikawa cha zambarau. Ayodini. Asali. Majani ya mpapai yaliyopondwa. Mtaalamu mmoja huko Mbagala akamwambia amekanyaga kitu, ametegewa na mkaanga mwenzie anayemuonea wivu kwa ajili ya wateja, akatoa kuku mweusi na hela ambayo hakutaka kunitajia. Akawa haongei tena na yule mwenzie aliyekaanga naye jirani miaka tisa, na hili baadaye lilimuuma kuliko hata hela. Mtaani wakaanza kuliita donda ndugu. Wengine kwa kuwa mguu ulikuwa unavimba wakasema ni matende.

Hospitali nako alipita sana, sio kwamba alikaa tu. Sehemu ya kwanza walimpima sukari, ikawa 5.4, safi. Wakapima virusi vya ukimwi, hana. Wakapima sikoseli, hana, na hapo sitawalaumu, sikoseli inatoa vidonda maeneo yaleyale ya kifundoni na hapa kwetu wagonjwa ni wengi, kwa hiyo kipimo kilikuwa na maana. Wakachukua usaha wakaotesha, wakakuta bakteria, wakampa antibayotiki siku kumi. Wakaotesha tena, bakteria wengine, antibayotiki nyingine. Mpaka anafika kwangu alikuwa na bahasha ya kaki imejaa karatasi na ameshameza dozi saba ndani ya miaka miwili na ushee.

Sasa kosa langu. Nilimpokea, nikampandisha kitandani, nikamwambia nyoosha mguu mama, nikafungua. Kidonda sentimita 6 kwa 4, hakina kina, kingo zake zimekatakata kama ramani, chini pekundu na utando wa njano kiasi, maji yanatoka mengi mpaka yamelowesha kanga. Nikasafisha vizuri, nikaweka gozi, nikafunga bandeji laini, njoo keshokutwa. Nikafanya hivyo miezi minne. Mara tatu kwa wiki, miezi minne, na kila mara mama amelala chali na mguu uko juu ya kitanda, na mi nimeinamia zile sentimita sita kama fundi saa.

Aliyetufumbua macho ni daktari kijana aliyekuja kushika zamu ya mwenzake. Aliingia chumbani kutafuta mkasi, akachungulia mguu, akauliza, "Huyu mama ameshawahi kusimamishwa?" Nikamwambia dokta anatembea mwenyewe, kaja na pantoni. Akasema sio hivyo, mpandishe kwenye stuli asimame, pandisha kanga mpaka pajani, tusubiri dakika mbili.

Tukasubiri, na mguu ukabadilika mbele ya macho yetu. Kutoka ndani ya paja kikajitokeza kitu kama kamba ya katani chini ya ngozi, kinashuka kimepindapinda, kinapita pembeni ya goti, kinafika kwenye kigimbi kinagawanyika kuwa vifundo vifundo kama kuna minyoo imejikunja, na mkia wake unaishia hapo hapo juu ya kidonda. Akalala tena, ndani ya nusu dakika vyote vimepotea, mguu mnene wa kawaida wa mama wa makamo. Ndo hivyo tu. Miaka mitatu watu wote tumemuangalia amelala, na akilala ugonjwa unajificha.

Mama mwenyewe alipoulizwa akasema, "Hiyo si mishipa tu, hata marehemu mama yangu alikuwa nayo." Hakuna aliyewahi kumuuliza na yeye hakuona kama inahusiana, kidonda kiko chini, mishipa iko juu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa varikosi, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizotanuka na kujipinda. Sasa nieleze kinachotokea humo ndani. Moyo unasukuma damu kwenda chini kwenye mguu kwa nguvu, hilo halina shida. Kazi ipo kuirudisha juu, maana inapanda kinyume na mvutano wa dunia kutoka kifundoni mpaka moyoni na ile nguvu ya moyo imeshaisha njiani. Kinachoipandisha ni misuli ya kigimbi, ukitembea misuli inakaza inazikamua vena zilizozungukwa nayo, damu inaruka juu, na ndani ya vena kuna vali ndogondogo, vijimlango viwili viwili vinavyofunguka kwenda juu tu na kujifunga damu ikitaka kurudi. Kama una simtanki juu ya bati unaelewa, pampu ikizimwa ile valvu ya kuzuia maji ndo inafanya yasirudi chini. Ikiharibika, maji yote yaliyoko kwenye bomba yanashuka na kukandamiza maungio ya chini kabisa, na ungio dhaifu ndo linaanza kuvuja, wewe unamuita fundi anaziba pale panapovuja, wiki mbili panavuja tena pembeni.

Mtu akisimama tu bila kutembea, presha ndani ya vena za kifundoni inafika milimita 80 hadi 90 za zebaki hivi. Akianza kutembea na vali zikiwa nzima inashuka chini ya 30. Kwa mama wa Feri vali zimekufa kwa hiyo hata akitembea haishuki inavyotakiwa, kile kifundo kinaishi kwenye presha kubwa kuanzia alfajiri mpaka anapolala. Vijimishipa vidogo vinatanuka, maji yanavujia kwenye nyama mguu unavimba, chembe nyekundu za damu nazo zinapenya nje zinakufa huko, zinaacha madini yake ya chuma kwenye ngozi. Ile chuma ndo inaipaka ngozi rangi. Na hapa kuna kitu kinatuponza sisi, vitabu vingi vina picha za miguu ya wazungu ambapo hiyo rangi ni kahawia inaonekana toka mlangoni, kwenye ngozi yetu inakuwa weusi uliokolea unaong'aa kidogo, na wote tulidhani ni makovu ya kujikuna au moshi wa jikoni. Ukigusa ilikuwa ngumu kama ubao. Mguu mzima ulikuwa na umbo la chupa ya soda iliyogeuzwa, juu mnene, chini kwenye kifundo umenywea na umekaza. Hiyo ni ngozi iliyoumia miaka mingi kabla kidonda hakijatokea.

Madaktari wana madaraja yao ya ugonjwa huu wa vena, C0 mpaka C6. C1 ni vile vijimishipa vyembamba kama utando wa buibui. C2 ndo varikosi yenyewe, vena iliyojipinda na kufikia milimita 3 kwenda juu. C3 uvimbe, C4 ngozi kubadilika, C5 kidonda kilichopona, C6 kidonda kibichi. Mama aliingia kwangu akiwa C6 na mi nikamtibu kama aliyejikata na kisu. Tusije tukatishana lakini, wenye varikosi wengi hawafiki huko, kuna watu wanazo miaka arobaini na wanaumwa miguu jioni tu basi.

Kwa nini yeye? Mama yake alikuwa nayo, na hii kitu inatembea sana kwenye familia. Mimba nne, na mimba inaongeza wingi wa damu, homoni zinalegeza kuta za vena, halafu mtoto mwenyewe anakalia njia ya damu inayorudi juu. Uzito kidogo. Umri. Na kusimama sehemu moja kwenye joto, ambako ni kubaya kuliko kutembea, wauza karanga wanaozunguka mji mzima kigimbi chao kinafanya kazi, mkaanga samaki anasimama kama nguzo.

Halafu kulikuwa na dalili moja kubwa ambayo ilipita hivi hivi. Mwaka mmoja kabla ya kuja kwetu, akiwa mbele ya karai, alisikia kitu cha moto kinatiririka mguuni akadhani mafuta. Kuangalia ni damu, inaruka kama bomba lililotoboka, hakuna maumivu kabisa, sakafu ikajaa. Wenzake wakachukua kamba ya kufungia makapu wakakaza chini ya goti, damu ikazidi. Lazima izidi, kamba ile haina nguvu ya kuziba ateri inayoleta damu ila inaziba vena inayoiondoa, kwa hiyo umeziba njia ya kutokea juu ikabaki ile ya kwenye tundu. Wakambeba mpaka hospitali, kufika huko amelazwa imekata yenyewe, akapewa vidonge vya kuongeza damu akarudi nyumbani. Kilichotakiwa pale sokoni ni kumlaza chini hapo hapo kwenye simenti, mguu juu, mtu akandamize tundu na kitambaa kisafi kwa nguvu dakika kumi mpaka kumi na tano bila kuchungulia chungulia. Damu ya vena ina presha ndogo mguu ukiwa juu, inatii. Watu wamekufa kwa kukaa kwenye kiti huku damu inatoka.

Turudi chumbani. Daktari alichukua ile raba ya kutolea damu, akamlaza mama, akainua mguu vena zikaisha damu, akafunga raba juu kabisa ya paja, akamsimamisha. Vena hazikujaa. Akafungua raba, fwaaa, zikajaa kutoka juu kwenda chini. Maana yake mlango uliooza uko kule juu karibu na kinena, pale vena ndefu ya juu juu inapoingia kwenye vena kubwa ya ndani. Kipimo hiki ni cha zamani sana, kinaitwa kwa jina la Trendelenburg, daktari wa upasuaji wa Ujerumani wa karne ya 19. Siku hizi vitabu vinakidharau kwa sababu altrasaundi inaona kila kitu, sawa, ila kwenye kituo ambacho altrasaundi iliyopo inaangalia mimba tu, raba ya kutolea damu imetuonyesha njia kwa dakika tano.

Kabla ya kufunga mguu kwa nguvu kuna kitu kimoja lazima kifanyike na sitachoka kukirudia kwa wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu. Hakikisha ateri ni nzima. Ukiubana mguu ambao damu haifiki vizuri unaweza kuuozesha. Kwa hiyo tulipapasa mapigo juu ya unyayo, yapo, mguu una joto, halafu daktari akapima na dopla, kile kifaa cha kusikiliza damu inavyopita kwenye mshipa, presha ya mkononi ikawa 130 na ya kifundoni 136, ukigawanya unapata 1.05 hivi. Kuanzia 0.8 mpaka 1.3 unafunga kwa amani. Ikishuka chini ya hapo ni rufaa kwanza, na chini ya 0.5 usiguse bandeji ya kubana kabisa. Hata maelezo ya mgonjwa yanasaidia, mama alisema usiku akiweka mguu juu ya mto anapata nafuu. Mwenye ateri zilizoziba anafanya kinyume, anauning'iniza mguu nje ya kitanda ndo apate usingizi. Na cha sukari mara nyingi kiko chini ya unyayo au vidoleni, wala hakiumi sana. Matende nayo tuliiondoa, uvimbe wake alisema asubuhi unakuwa umepungua sana na jioni unarudi, matende yakishakomaa hayana habari ya asubuhi wala jioni.

Akaandikiwa altrasaundi ya mishipa sehemu nyingine, hela ya kipimo ilikula faida yake ya wiki mbili, akaipata. Majibu: vena za ndani zote ziko wazi, hakuna damu iliyoganda wala dalili kwamba iliwahi kuganda. Hii ilitupa furaha sana maana kama za ndani zingekuwa zimeharibika hadithi ingekuwa ndefu. Vena ndefu ya juu juu ina upana wa milimita 9 pale pajani, na damu inarudi nyuma sekunde 3. Kinachoruhusiwa ni nusu sekunde.

Tukaacha antibayotiki zote. Mama alishtuka, akaniuliza, "Sista mmekata tamaa na mimi?" Ikabidi nimueleze kwamba kidonda kilicho wazi hakiwezi kukosa bakteria, ukiotesha utawakuta tu hata mwakani, wanaishi pale kama nzi wa Feri. Dawa inahitajika kama wekundu na joto vinasambaa kwenye ngozi ya pembeni, homa, maumivu yanayopanda ghafla. Yeye hakuwa na hivyo. Dozi saba zote zile zilikuwa zinapiga kitu ambacho sicho kilichozuia kidonda kufunga.

Dawa yake ikawa bandeji. Naeleza kwa urefu kwa sababu watu wanadhani bandeji ni kitambaa cha kufunika, hapa bandeji ndo matibabu yenyewe. Naosha mguu wote kwa maji ya bomba masafi na sabuni ya kawaida, yale magamba ya miezi yanatoka. Napaka mafuta ya mgando ngozi ya pembeni. Juu ya kidonda gozi yenye vaselini isiyonata, basi, hakuna jivii hakuna unga. Halafu tabaka la pamba kuzunguka mguu mzima, kuziba ule mnyweo wa kifundoni na kulinda mfupa wa muundi usichubuke. Halafu bandeji ya kubana, naanzia kwenye shina la vidole, unyayo umekunjwa kama anasimama, kisigino kinafunikwa, hukiachi nje kama dirisha, napanda kwa mzunguko kila duru inafunika nusu ya iliyotangulia, mpaka chini kidogo ya goti. Nguvu ya kuvuta ni ileile mwanzo mpaka mwisho, na kwa kuwa kifundo ni chembamba kuliko kigimbi mbano unakuwa mkubwa chini na unapungua juu wenyewe. Tunalenga kama milimita 40 za zebaki pale kifundoni. Inakaa wiki nzima, mwanzoni mara mbili kwa wiki kwa sababu ya maji mengi.

Na yeye kwake: tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda upande wa miguuni. Mchana ajitahidi kulala miguu ikiwa juu ya usawa wa moyo nusu saa, mara tatu au nne. Hapo alinicheka. "Nilale wapi sista, kwenye meza ya samaki?" Tukapatana anachoweza. Stuli ndefu nyuma ya karai, anakaa kila asipogeuza samaki. Akisimama apandishe visigino na kushusha mara ishirini kila baada ya muda, wenzake wakawa wanamuuliza anacheza singeli au vipi. Binti yake wa pili akachukua zamu ya karai kuanzia saa sita, mama akakaa kwenye kupokea hela. Nadhani hilo la binti lilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri yangu yote.

Wiki ya pili kigimbi kilikuwa kimeshuka kutoka sentimita 41 kwa mzunguko mpaka 37 na maji yamekata zaidi ya nusu. Wiki ya nne kidonda kina 4 kwa 3. Wiki ya tano kicheni pati ya mtoto wa dada yake, sare imeshonwa, viatu vimenunuliwa, bandeji haiingii kwenye kiatu. Akaitoa Ijumaa mwenyewe, akacheza Jumamosi mpaka saa nane usiku, akarudi kwangu Jumatano mguu kama gogo na kidonda kimerudi 5 kwa 4. Nilikasirika aisee. Halafu nikakumbuka miezi yangu minne ya kusafisha bila kumsimamisha, nikafunga mdomo nikafunga mguu. Joto la Desemba nalo lilimtesa, muwasho ndani ya bandeji, akawa anaingiza njiti ya mshikaki kukuna mpaka nikaiona imebaki humo humo ndani.

Wiki ya 18 ngozi ikakutana.

Hapo ndo wengi wanaacha, kidonda kimepona kwaheri. Vali bado zimekufa lakini. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2004, unaitwa ESCHAR, ulilinganisha wanaofungwa bandeji tu na wanaofungwa bandeji wakafanyiwa na oparesheni ya vena, ndani ya mwaka mmoja kidonda kilirudi kwa asilimia 28 ya wale wa kwanza na asilimia 12 tu ya wale wa pili. Na mwingine wa hukohuko wa 2018, EVRA, wagonjwa 450, ulionyesha hata kusubiri kidonda kipone kwanza sio lazima, waliozibwa ile vena mbovu mapema nusu yao walikuwa wamepona kufikia siku ya 56, waliosubiri ikawa siku ya 82. Kwa hiyo kwa haki kabisa huyu mama angetakiwa afanyiwe oparesheni akiwa na kidonda chake, sisi tulimchelewesha kwa foleni na kwa kutafuta hela, sio kwa utaalamu.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuunguza vena kwa ndani, kwa laser au kwa mawimbi ya redio, wanaingiza waya mwembamba kwa tundu la sindano huku wakiangalia na altrasaundi, wanajaza maji ya ganzi kuizunguka, wanachoma vena inajifunga, mgonjwa anatembea siku hiyo hiyo. Ya pili ni sindano ya povu la dawa kama polidokanoli ambalo linaunguza utando wa ndani wa vena mpaka kuta zinagandana. Ya tatu ni ya zamani, kukata pale kinenani, kufunga, na kuivuta vena nje. Mwongozo wa Uingereza wa 2013 unazipanga kwa mfululizo huohuo. Kwa mama wa Feri kilicholipika ni ya tatu, na wala sio ya kudharau.

Swali lake lilikuwa lile la kila mtu, "Wakiung'oa, damu itapita wapi?" Damu nyingi ya mguu, kama asilimia 90, inapita vena za ndani, hii ya juu ni barabara ya mtaani tu, na yake ilikuwa inarudisha magari nyuma. Mguu unapumua vizuri bila hiyo. Ingawa niwe mkweli, vena hiyo hiyo ikiwa nzima ndo madaktari wa moyo huichukua kuunganishia mishipa ya moyo iliyoziba, kwa hiyo mtu asikimbilie kuitoa kwa ajili ya urembo tu. Yake kwa hali iliyokuwa nayo isingemfaa mtu yeyote.

Alichomwa sindano ya mgongo, wakakata kinenani, wakavuta vena mpaka chini kidogo ya goti na kuishia hapo, kwa sababu huko chini kuna mshipa wa fahamu umeganda nayo ukiujeruhi mguu unakufa ganzi. Vile vifundo vya kigimbini wakavitoa kwa vitundu vidogo. Kesho yake asubuhi anatembea wodini. Paja likawa na michubuko ya kijani na zambarau wiki tatu, na kuna kipande cha ngozi karibu na goti hakisikii vizuri mpaka leo, anasema hakimsumbui.

Sasa ni soksi za kubana, maisha yote kwa kweli. Zinavaliwa asubuhi kabla hajashuka kitandani, kwa yeye ina maana saa kumi alfajiri gizani, na zikichoka baada ya miezi sita hivi zinabadilishwa maana mpira unalegea. Alininunia siku alipoleta za mtumba alizookota Kariakoo, juu zinajikunja na kukaza kama ile kamba ya makapu, nikamwambia hizo heri asivae. Kipimo kinachukuliwa kwa futi ya fundi, kifundo na kigimbi, ndo unaenda dukani. Na zile krimu anazotumiwa kwenye simu kila siku za "kuyeyusha mishipa ndani ya siku saba" ameshaacha kuniuliza, mafuta ya kupaka hayafiki kwenye vali.

Mwezi uliopita alikuja, miezi kumi na moja tangu kidonda kifunge. Ngozi bado nyeusi pale, hiyo haitatoka yote, ila imelainika. Mguu wa kulia nao una vena zimeanza kujitokeza kigimbini, C2, ngozi iko sawa, tumemuandikia soksi ya pili na altrasaundi. Hakuja peke yake. Alikuwa na yule mkaanga mwenzie wa miaka tisa, yule wa kuku mweusi, kumbe naye ana mguu unaovimba na muwasho hapo hapo juu ya kifundo, anakuna usiku. Mi nikawa natafuta glavu, nikamwambia karibu mama, panda kitandani. Mama wa Feri akamdaka mkono mwenzie.

"Asilale sista. Stuli iko wapi?"